Mlango wa Masizi

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana nyumba hii imekuwa kimya mno tangu tukuzike, na mimi kimya sikiwezi. Unanijua.

Mama hajambo. Fremu yako ya nyuzi za miraba, ile ya kunakilia picha, bado inaning'inia karibu na dirisha, na burashi zako nimezisafisha kwa mafuta ya taa. Siku ya kuondoa matanga Baba Mdogo aliniuliza nitazifanyia nini, mtoto wa kike kama mimi. Nikamwambia nitazifanyia kazi. Akageukia chai yake. Niliudhika, Baba, na bado nimeudhika.

Sasa nisikilize, nina habari nzito kidogo. Ni ile picha ya Bibi Jamna, mjane mwenye duka la vitambaa pale mjini. Lile jumba la mababu zake huko Bara Hindi, lililochorwa zamani na fundi ambaye hata wazee wao hawakumjua jina. Kila mwanawe alipokwenda kufungua duka lake, wa kwanza Nansio, wa pili Musoma, wewe ndiye uliyemnakilia jumba lile akatundike kwake, na nakala moja ukamchorea Mama. Nami ulinichukua tangu mdogo nikushikie kopo. Tulivua viatu. Picha ilikaa juu ya taa ya samli iliyowashwa kila siku, na ilikuwa mwiko kuigusa au kuishusha. Basi ulisimama kwa mbali, ukaitazama kupitia fremu yako, ukalihamisha jumba zima mraba kwa mraba. "Kabula, chora unachokiona, usichore unachokijua." Na kila mara ulianza na mlango, kwa sababu ulikuwa mweusi tititi. "Hapa hapana kazi," ulisema, ukachanganya mafuta na masizi uliyoyakwangua kwenye koroboi yetu, ukaupaka huku unapiga mluzi. Mluzi wako ulikuwa mbaya, Baba. Ningelipa chochote niusikie tena.

Nakala ya binti yake wa mwisho, aliyeposwa Bukoba, uliiacha njiani. Ukuta haujapakwa, nguzo ni penseli tupu. Mlango peke yake ndio uliokuwa umeumaliza. Kuimalizia kumeniangukia mimi.

Masika haya bati la Bibi Jamna likavuja, maji yakateremka ukutani. Ikabidi picha ishushwe, mwiko au si mwiko, ikatolewa barazani kwenye jua, nami nikaitwa niitazame. Pale tone la maji lilipopita juu ya mlango palikuwa na mstari mwekundu. Nikamwomba Bibi ruhusa, nikachukua nyama ya mkate, ile laini ya ndani, nikasugua taratibu. Mkate ukawa mweusi. Nikaomba mwingine.

Baba, mlango uko wazi. Mbao zake zimeegemea ukuta huku na huku. Ndani kuna ua, na uani mwanamke mwenye nguo nyekundu amekaa kwenye bembea, anatazama nje kama anayemngoja mtu. Kile cheusi tulichokipaka miaka yote kilikuwa moshi wa taa ya samli.

Bibi Jamna alilia mpaka akakaa chini. Watoto wake wote aliwalea na maneno kwamba mlango ule umefungwa kwa kuwa wenyewe wamehamia Afrika. "Kumbe hapana funga," alisema. "Kumbe mtu nangoja sisi." Kisha akafuta macho, akanitazama kwa huruma. "Lakini wewe funga tu, kama baba yako nafanya. Mimi hapana taka watu sema mzee nakosea."

Nilitaka kukubali. Nakuambia kweli. Nakala yako niliiweka mbele yangu, siku zikapita bila kuigusa. Ule mlango ndio kazi ya mwisho ya mkono wako, hata unywele wa burashi umenasa ndani ya rangi. Kuupaka rangi nyingine juu yake niliona ni kama kukuzika tena. Na watu wa mji huu nawajua. Wangesema fundi wetu hodari alichora masizi akayaita mlango, na Baba Mdogo angecheka kuliko wote. Jina lako ndilo ulilotuachia, Baba. Shamba huna, ng'ombe huna.

Nilikukasirikia pia. Ungeomba hata siku moja ushushiwe picha!

Ila nikakumbuka pale ulipokuwa unasimama, miguu mitupu, kwa adabu, ndani ya chumba cha watu. Kutoka pale mlango ulikuwa mweusi. Ulichora ulichokiona. Mimi nimeona kingine, na kama ningeufunga ningekuwa nachora uongo kwa burashi zako.

Basi nimeufungua. Nilikwangua masizi yako kwa kisu, pole pole, nikayakusanya kwenye kiberiti kitupu. Nikauchora ua, nikaichora bembea. Nilipofika kwenye nywele za yule mwanamke nikayasaga masizi yale yale na mafuta, nikampaka. Kwa hiyo mkono wako umo, Baba, ila sasa umo ndani ya nyumba.

Binti ameondoka nayo kwa meli. Bibi Jamna amewapelekea wanawe habari, na wote wawili wameniita. Nitaanza Nansio, kisha Musoma, nitaifungua milango yote uliyoifunga. Atakayecheka nitamweleza ulisimama wapi na uliona nini, na nitamweleza mpaka achoke yeye, si mimi.

Ile ya kwetu, juu ya kitanda cha Mama, sitaigusa. Mama amekataa, nami nimekubali. Mlango ule uliufunga wewe, utabaki hivyo.

Pumzika, Baba. Burashi hazikauki.

Mwanao,
Kabula