Kikombe cha Mama Kimefika Ulaya

Moshi Mjini, Alhamisi

Dada yangu Dominika,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji Remigius, na kwamba goti limepunguza kuuma kwa kuwa mvua zimekatika. Mimi ni mzima wa mwili. Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu aliye nusu saa tu kutoka Uru, tena mwenye simu. Vumilia, sababu utaiona mbele, na naomba usianze kusoma kwa kutokea chini kama ulivyozoea.

Kwanza habari za kazi. Kamati ya chuo itakaa mwezi ujao kuamua kama nafaa kuitwa profesa. Wanaangalia umeandika makala ngapi za utafiti, na watafiti wenzako wamekutaja mara ngapi katika makala zao. Nilipokueleza hayo wakati wa Pasaka ulicheka, ukasema huku Uru mtu akitajwa sana ujue kuna alichoharibu. Nami nilicheka. Makala zangu ni ishirini na sita, na nyingi hakuna anayezikumbuka. Inayonibeba ni ile moja ya chai ya moto na saratani ya koo la chakula. Imetajwa mara mia nne na kumi na mbili.

Wala hawaitaji kwa sababu ya Kiingereza changu. Zamani tulikuwa tunawauliza watu kama wanakunywa chai ya moto au ya vuguvugu, na kila mtu anajibu vuguvugu, hata yule ambaye inamtoa machozi. Makala ile ilisema tuache kuuliza, tutie kipimajoto kikombeni mtu anapotaka kupiga funda la kwanza. Siku hizi wanafanya hivyo hadi nchi za mbali, na wanaiita njia yangu.

Jumapili iliyopita nilikuletea hiyo makala, maana ulikuwa umeiomba muda mrefu. Uliitandaza mezani, ukapitisha kidole juu ya Kiingereza usichokisoma, mpaka ukafika kwenye picha. Ukasema kumbe kikombe cha mama kimefika Ulaya. Ukafuta macho kwa upindo wa kanga, ukaniambia utamwombea mama Misa ili naye apate habari. Jina lako hukulitafuta. Nililitafuta mimi, ingawa nilijua halipo.

Dada, nimekukosea. Mwaka ule mama aliposhindwa kumeza hata mtori, ni wewe uliyerudi kutoka kituo cha maziwa na kipimajoto chenu cha kupimia maziwa, ukakitumbukiza katika kikombe chake cha bati, ukanionyesha: sabini na moja. Ukaniambia niache kumuuliza mama, niulize kikombe. Kisha ukazunguka nami nyumba tisini, ukiandika namba nyuma ya daftari lako la maziwa, kwa sababu watu walikuwa wanakufungulia mlango wewe, si mimi. Katika makala nilimshukuru dereva na mtu wa kompyuta. Wewe sikukutaja hata mara moja. Niliogopa wasomi wangecheka wakisikia wazo limetoka kwa mpima maziwa. Baadaye, kila nilipotajwa, ikawa vigumu zaidi kusema, na nimekaa na jambo hili miaka saba huku nikila mezani kwako. Naona aibu sana.

Nimewaandikia wahariri wa jarida waongeze jina lako, tena liwe la kwanza. Wamekubali, ila wanataka sahihi yako. Daktari Ebenezeri, mwenzangu hapa ofisini, alinishauri nisubiri kamati ikae kwanza, maana marekebisho kama haya yanaweza kuniharibia. Nilimwambia nimeshasubiri miaka saba. Uprofesa ukinipita, basi. Ninachoogopa ni kukukosa wewe.

Sasa sababu ya barua. Ndani ya bahasha kuna fomu, na nimeweka alama ya penseli pa kusaini. Kuna pia jani la isale. Nililikata Jumapili ileile kwenye mpaka wa shamba la kihamba, ulipodhani nimekwenda kuangalia migomba. Nilitaka kukupa mkononi, nikashindwa, nikashuka nalo mjini ndani ya mkoba. Na isale halitumwi kwa simu.

Najua kwetu anayeletewa isale hakatai kusamehe. Hilo ndilo lililonifanya nisite siku hizi zote, maana sitaki unisamehe kwa kubanwa na mila. Bahati nzuri nililikata pamoja na kipande cha shina. Kama bado una uchungu, lichomeke tena palepale mpakani. Masale hayafi upesi, nami nitangoja.

Msalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Bahasha hii ataileta jirani yako Mama Eunike akipanda kutoka sokoni. Mpe chai, lakini ipoe kwanza.

Mdogo wako akupendaye,
Bernadetha