Sauti ya Tenor Yenye Haikuandikwa

Papa Maestro,

Niko naandika na kasirani, unisamehe. Mara ngapi nilikuomba tuandike manota ya wimbo yako mu solfeji? Ulikuwa unacheka, unagonga kichwa na kidole: «Nabintu, iko humu, haina miguu.» Halafu siku ile ya jeudi tension ya damu ikakuangusha mbele ya kanisa, na ile kichwa tukaizika.

Soprano niliijua mie. Alto, Maman Furaha. Sauti ya basi, ile ya chini kabisa, Papa Bahati. Lakini tenor ulikuwa unaiimba peke yako, tangu wale vijana wawili waende kutafuta zahabu Shabunda. Na Maman Zawadi, muke wako, aliomba sisi waimbaji wa korale kitu moja tu: tuimbe «Bwana utuhurumie» yako ku misa ya siku makumi ine. Ni kesho.

Ku repetisyon, tulipokutana kujizoeza, nilisema kila mutu aimbe sauti yake peke, mie niandike. Papa Bahati akafungua kinywa. Hakuna kitu. Mutu mwenye anaimba basi tangu sijazaliwa! «Naijua, mama,» akasema na haya, «lakini mie nangojeaka alto.» Maman Furaha naye, nilipomuomba aanzie katikati, akarudi mwanzo, midomo inatembea bila sauti kama anasali rozari, mupaka afike pale. Nikawacheka. Halafu nikashika kalamu niandike soprano yangu mwenyewe, na haikukuja. Ilibidi niinue mukono, nipige mesure hewani, moja-mbili-tatu-ine, kama wewe, njo manota ikakuja.

Miaka kumi na mbili mu korale, na sikujua kama wimbo haikalake mu mutu moja.

Basi tukaimba sauti tatu pamoja. Kufika ku «utuhurumie» ya tatu, wote tukanyamaza. Hakuna mwenye alituambia tunyamaze. Mesure nzima ikapita, na mie nilikuwa nakusikia. Tulikuwa tunakungojea umalize. Nikamuuliza Maman Furaha amesikia nini. Akaimba polepole: fa, mi, re, do. Papa Bahati: fa, mi, re, do. Na mie nilikuwa nimesikia ile ile. Tukalia, watu wazima, tukacheka pia. Nikasema Maestro hakuenda nayo.

Leo asubui nilienda kwenu Ibanda kumuonyesha Maman Zawadi. Unajua yeye haimbake, na solfeji haijue. Alikuwa anaosha masahani. Nikamuimbia. Akatikisa kichwa: «Hapana. Mwisho haishukake. Inapandaka.» Nikamuambia sisi watatu tumeisikia. Akajibu bila kugeuka: «Ile ni ya zamani. Juma ya mwisho alikuwa anaibadilisha, wakati ananyoa ndevu. Alishusha, akakataa. Alipandisha, akacheka peke yake.» Na akaimba, mikono mu maji: fa, mi, sol, la.

Nikaikala chini, pale pale ku simenti. Papa, mie nilizani wimbo ilikuwa imelala mu kichwa yako, imekwisha, kama nguo mu sanduku. Kumbe ulikuwa ungali unaifanya. Sisi tulikuwa tunachunga kitu yenye wewe ulikwisha kuacha. Na kama ungeongezewa juma ingine, ingefika wapi? Hakuna mwenye naweza kumuuliza. Ku mazishi yako nilibeba maua, nilipanga waimbaji, sikuamini. Ni leo, mbele ya ile besani ya masahani, nimejua kama kweli umekufa.

Nimekata re na do. Nimeandika sol na la. Papa Bahati amenuna, anasema inaacha watu mu hewa, misa haimalizikake vile. Ni kweli, inawaacha.

Kesho tenor nitaiimba mie, na sauti yangu ya mwanamuke. Maman Zawadi atakuwa ku benchi ya mbele ananisikiliza, na namuogopa kuliko padri. Vidole vyangu vinataka kuongeza nota moja, ndogo tu, wimbo ipate kupumzika. Sitaiongeza, nakuahidi.

Wewe pumzika, Papa. Sisi tutaachia pale uliachia.

Mwanafunzi wako,
Nabintu