Bosi na Kambare Waliolewa

Dada yangu mpendwa,

Sisi wazima, na mpunga tumeshavuna. Jana bosi wangu wa ofisi ya uvuvi, ninakofanya ukarani, alifika ghafla, akamkuta mama anakoroga majani ya utupa kwenye dimbwi la shambani ili samaki walewe. Kuvua kwa sumu ni marufuku, dada. Nikajua kazi yangu imekwisha.

"Na mtoni unatia?" bosi akauliza.

"Mtoni watu wanakunywa, mwanangu! Hapa maji yanakauka tu. Vua viatu, kambare wameshalewa!"

Bosi akakunja suruali, akaingia, akaanguka chali topeni huku amemkumbatia kambare.

"Karani!" akafoka. "Unashangaa nini? Lete kikapu!"

Mbavu bado zinaniuma kwa kucheka.

Mdogo wako,
ambaye bado ni karani.