Jina Langu Juu ya Kaburi la Feza

Kwako Lukasi, uliyekuwa mume wangu,

Salamu nimezitafuta moyoni nikazikosa, basi tuanze na habari. Wiki tatu zilizopita tarishi wa chifu alifika hapa Wamaza na karatasi kutoka kambi yenu ya mgodi huko Katanga. Alinikuta uani kwa mama yangu, nimejaa unga wa muhogo hadi viwiko. Akauliza kama hapa ni kwa wazazi wa Mwavita Monika, mke wa Lukasi. Nikamwambia ni hapa. Akavua kofia.

"Poleni, mama. Mwavita alishafaka kule kambi, na homa ya mapafu. Walishamuzika."

"Mwavita njo mimi," nikamwambia.

Akaniangalia, akaangalia karatasi, akaniangalia tena. Kisha, kwa kuwa mtumishi wa Leta, serikali ya wazungu, hawezi kurudi na karatasi isiyo na alama, akaniomba nitie sahihi kwamba taarifa imefika. Nilitia. Sidhani kuna mwanamke mwingine katika Kabambare yote aliyewahi kusaini kupokea kifo chake.

Ndiyo, naandika kwa mkono wangu. Usihangaike kutafuta ni katekista gani amenisaidia. Ulipoondoka nilijiunga na darasa la kina mama la misheni, maana barua zako nilikuwa nasomewa, na nilichoka kuona mtu mwingine akiona haya kwa ajili yako kabla yangu. Kwa hiyo makosa utakayoyakuta humu ni yangu mwenyewe. Nataka kitu kimoja tu kutoka kwako, nacho ni jina langu. Liko juu ya kaburi la mtu mwingine, na aliyeliweka huko ni wewe.

Unakumbuka tulivyokuhamisha? Nasema tulikuhamisha, kwa sababu peke yako usingefika hata Kabambare. Yule mzungu wa kuandika wafanyakazi alikuja wakati tunachoma mabua ya pamba. Akasema kampuni inataka wanaume wenye wake, kwani mwenye mke hatoroki. Uliinua mkono hata hajamaliza kusema. Kule Kabambare daktari akakupandisha kwenye mizani, akatikisa kichwa, akakurudisha nyumbani: mwepesi mno. Ulikaa siku mbili ukingoni mwa kitanda, husemi, huogi, unataka kubembelezwa.

Nikakulisha. Mwezi mzima, bugali asubuhi, sombe ya majani ya muhogo na karanga mchana, samaki wa mawese jioni. Jembe nilikunyang'anya, nikapalilia mistari yako ya pamba pamoja na yangu, nisije nikaona jasho lako likipunguza kilo nilizozitafuta kwa kuni na moshi. Nilikunenepesha kama mbuzi wa sikukuu. Asubuhi ya kupimwa tena ulikunywa maji mengi mtoni hadi ukawa unatembea miguu imepanuka, na daktari akasema, "Huyu yuko muzuri." Ulitoka pale kifua mbele, ukiwasimulia wenzako jinsi ulivyo na damu nzito. Mimi nilikuwa nyuma yako na masufuria kichwani.

Halafu makaratasi. Tulidhani kuhama ni miguu, kumbe ni mihuri. Buku la kazi, cheti cha chanjo, ruhusa ya njia, na karatasi ya ndoa kutoka kwa mapadri. Kwa ajili hiyo tulitembea siku tatu mpaka Kasongo. Karani wa ofisi ya Leta aliniuliza jina langu, ukajibu wewe. Siku ile niliona ni mapenzi. Jina lenyewe nilipewa na bibi yangu, aliyezaliwa watu wakikimbia vita. Alilibeba kutoka kichaka hadi kichaka, akazeeka nalo, akanikabidhi likiwa zima, nami nikasimama kimya mbele ya karani nikakuachia wewe ulitaje.

Ulibaki Kasongo kungoja msafara, ukapanga kwa Mama Feza, yule mwanamke anayekaanga mikate karibu na soko. Nilikuja kukuona mara moja, na kikapu cha chakula. Ulinipokea njiani kabla sijafika, ukachukua kikapu, ukasema nisikae sana, nyumba ni ya watu. Lakini Mama Feza aliniona, akaniita, akanipa mikate ya moto juu ya jani la mgomba. Akaniuliza kama tangu utoto ulikuwa mtu mtulivu. Niliona ni swali la ajabu, nikamjibu kwamba wewe ni mtulivu hadi unaogopa mbuzi. Akacheka, na binti yake Feza akacheka nyuma ya moshi. Niliwapenda wote wawili. Nilisifu mikate yao hadi nikaondoka.

Ulikuwa umewaambia kwamba mimi ni dada yako. Na kwamba mke wako alikufa.

Sasa nije kwenye barua yako ya kwanza kutoka kambini. Kurasa nne, Lukasi, wewe ambaye hukuwahi kuniambia maneno manne mfululizo ila una njaa. Uliandika nisilete kinu, maana kila Jumamosi mnapewa posho ya unga wa mahindi uliokwisha sagwa. Nisilete mikeka, kuna vitanda vya chuma. Nilete pilipili, samaki wakavu, mbegu za mchicha wetu wa lengalenga, na mawese ndani ya chupa iliyozibwa vizuri. Katika treni nikalie mzigo wangu. Katika boti nifunge kuku miguu yote miwili na nisinywe maji ya mto. Nikifika, nguo zisianikwe mbele ya nyumba, na yule mama wa kizungu anayekagua majiko nimwamkie kwa Kifaransa. Mwezi wa sita kule baridi inafanya mdomo utoe moshi, lakini wewe umekwisha pata mablanketi mawili. Uliandika kana kwamba kila tofali la kambi ile umelifyatua wewe. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: nikupelekee karatasi ya ndoa kwa dereva wa lori, ili kampuni itutengee nyumba.

Nikaipeleka. Sikuona kwamba zile kurasa nne za blanketi na pilipili zilikuwa za kuficha mstari mmoja.

Nikajiandaa kama ulivyoniagiza. Shamba nilimwachia dada yangu. Kinu nilimpa jirani. Niliazima viatu vya mke wa katekista nikajifunza kutembea navyo nyuma ya nyumba, nisije nikakuaibisha mbele ya mama wa majiko. Nilikausha samaki hadi nguo zangu zote zikanuka. Miezi sita ambayo kampuni huwataka wake wangoje ilipotimia, nilifika Kasongo, furushi kichwani, viatu mkononi, nikampa karani jina langu. Safari hii nililitaja mwenyewe.

Akafungua daftari lake. "Mwavita Monika? Alishaendaka, mama. Juma ile ingine."

"Nani alishaenda?"

"Mwavita, bibi ya Lukasi. Nilimuona na macho yangu. Kijana, na beseni ya mikate. Karatasi yake ilikuwa muzuri, na mihuri yote."

Nilirudi Wamaza kwa miguu na samaki wako. Nikaenda kwa jirani kuomba kinu changu, na aibu ya siku hiyo bado naisikia mwilini nikiandika hapa. Watu walinishauri nikushitaki. Nilikataa. Nilijiambia kwamba mwanaume anayemnyang'anya mke mmoja karatasi ili amsafirishie mwingine hastahili nichoke miguu kwa ajili yake. Hata kumwacha mtu kwa ujasiri hukuweza. Ungesema, "Mwavita, sikutaki," ningelia wiki moja, nikaendelea na pamba yangu. Lakini wewe hupendi kuonekana mbaya. Unapenda kutenda ubaya ukiwa na mihuri yote.

Nyumbani tulikaa miaka minne, na sikatai kwamba kulikuwa na siku nzuri. Ulikuwa ukinichorea ardhini kwa kijiti ramani ya nyumba utakayonijengea, na mimi nikiuliza mlango utatazama wapi. Nilikupenda, nalisema wazi. Ndiyo sababu dharau yangu leo ina uzito wote huu: niliilipia mapema.

Ile karatasi ya kifo nilikaa nayo siku nne. Kwa mujibu wa Leta mimi ni maiti, na maiti halimi pamba ya lazima. Wenzangu shambani walicheka sana kwa hilo, mimi pia. Ila nilipoacha kucheka nikakumbuka kwamba aliyelala kule ni mtu, na mtu huyo ana mama. Nikapanda lori la pamba hadi Kasongo.

Mama Feza alikuwa mbele ya jiko lake, pale pale. "Karibu, dada ya Lukasi. Umeniletea habari ya mutoto?"

"Mama, mimi si dada yake. Mimi njo bibi yake. Mwavita."

"Mwavita alishafaka. Lukasi mwenyewe alituambia, akasema inabaki karatasi tu, dereva ataileta, Feza aende nayo."

"Mwavita njo huyu, mama."

Akaacha kukoroga. Sikutaka kumsumbua kwa maneno, nikatoa karatasi ya kambi nikamsomea polepole: kwamba Mwavita Monika, mke wa Lukasi, amekufa kwa homa ya mapafu, amezikwa. Nilimwona akilifikiria. Aliondoa kwanza karai la mafuta motoni, akaliweka chini kwa uangalifu, ndipo akakaa.

"Alikuwa na blanketi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekuja na hasira ya mwaka mzima na nusu kwa Feza. Nilikuwa nimeipanga vizuri, na maneno yake. Yote yaliniisha pale. Nilimwambia blanketi zilikuwa mbili, kwa kuwa ndivyo ulivyoniandikia, na Mungu anisamehe kama hata hilo ulidanganya. Alilia hadi wateja wakaondoka wenyewe. Nililia naye, na niliona haya kwamba safari ile niliianza nikiwaza jina langu tu.

Wewe hukumwandikia. Wewe wa kurasa nne. Mama wa watu alikuwa akiuliza habari kwa madereva wote wanaotoka kusini, na mtoto wake yuko chini ya udongo, kwa sababu ukisema Feza amekufa itabidi useme ni nani aliye hai. Nimewahi kuona watu waoga, Lukasi. Wengi wao, msiba ukifika, hupata ujasiri kidogo. Wewe hata wa msiba hukuupata.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa karani, yule yule.

"Mama, katika daftari yangu weye ulishakufa," akaniambia. "Nitaandika namna gani?"

"Andika kwamba niko mbele yako na ninakudai."

Akajikuna kichwa, akasema yeye hajui pa kuniweka, nafasi ya wafu haina mlango wa kurudi. Mama Feza akanisogeza pembeni kwa mkono.

"Anza na mutoto yangu," akamwambia. "Njo yeye alikufa. Anaitwa Feza."

"Baba yake nani?"

"Alikimbiaka. Andika mimi. Mimi njo nilimuzala. Feza, mutoto ya Nyange."

Siku zote sikujua kwamba anaitwa Nyange. Soko zima linamwita kwa jina la binti yake. Karani akaandika. Mama Feza akamtaka amsomee. Akasoma. Akamtaka tena. Mara ya tatu midomo ya mama ilikuwa inamfuata. Kisha akaweka dole gumba lake chini ya maandishi, nami nikatia sahihi yangu pembeni, na barua ya karani yenye habari hiyo imekwisha ondoka kwenda kambini. Huenda itakufikia kabla ya hii. Watakuuliza, watakunyang'anya nyumba ya matofali, labda watakurudisha. Fanya upendavyo na maisha yako, ila mlango wa mama yangu usiusogelee.

Na Mama Feza anakuja. Bwana mkubwa wa Leta pale Kasongo amempa ruhusa ya njia ya miezi miwili, nadhani kwa kuona haya, kwa sababu mihuri ile yote ilipigwa ofisini kwake. Nimemfungia mzigo mimi. Nimemwambia akalie furushi lake katika treni na asinywe maji ya mto. Hajui kusoma, lakini ameniomba nimchoree jina la mtoto wake kwa herufi kubwa, na karatasi hiyo ameifunga katika ncha ya kitambaa chake. Atasimama mbele ya msalaba wa kaburi lile, ataifungua, na atalinganisha alama moja baada ya nyingine. Ziko nne tu. Kwa hiyo nenda sasa, Lukasi, chukua kisu, kwangua jina langu hadi ubao uwe mweupe, kisha andika lake. Usikosee hata moja.

Aliyekuwa mke wako,
Mwavita