Ndago za Nyuma ya Jiko

Thale Noi,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Kaka Decha mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho sikukuu ya Mwaka Mpya kimeshakuacha. Bibi anasema nikuulize kama huko Songkhla unakula wali wa kushiba au unajidanganya na tambi za pakiti. Nilimwambia Kaka ni mtu mzima sasa, akanijibu ni mtu mzima gani asiyejua kukunja chandarua chake mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Goti lake linamsumbua asubuhi tu. Mimi naendelea na masomo.

Maandalizi ya kuingia kwako utawa yanakwenda vizuri. Joho lako limeshanunuliwa, na Mjomba Prasit ameahidi kuleta ngoma. Kila anayekutana na Bibi hekaluni huambiwa kwamba mjukuu wake atanyolewa kabla mvua kubwa hazijaanza, na kwamba thawabu yote itamfikia mama yetu huko aliko.

Lakini kuna habari ya mkeka wako, nayo haikuwa nzuri. Unajua Bibi alitaka siku hiyo ukalie mkeka uliotoka kwenye krajut, zile ndago ndefu alizozipanda mama nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapotuama. Tangu mwaka jana alikataza mtu yeyote kung'oa hata bua moja la katikati, yaachwe yarefuke mpaka yapite kichwa chako. Basi siku moja alirudi kutoka hekaluni akakuta katikati pamebaki mashimo na tope, na ndago za pembeni zimelala chini. Kwenye lile tope palikuwa na nyayo za nyati.

Bibi unamjua. Hakuweka chini hata kapu lake. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Mama Mdogo Prang, jirani yetu, akamwambia kwamba kama Dam, yule nyati wake, ana hamu ya kula thawabu ya marehemu, basi aletwe naye anyolewe, aingie utawa pamoja na mjukuu wake. Mama Mdogo, ambaye hajawahi kukosa jibu, alisema weee, Dam na tumbo lile, wali wa hekalu zima usingemtosha kifungua kinywa. Halafu akaona Bibi analia, akaacha mzaha.

Baada ya hapo hawakusemezana. Bibi alinituma nikachukue ndoo yetu ya tope jeupe la kupaka mabua kabla ya kuyaanika, iliyokuwa kwake siku zote. Akasema hatatumia tena gogo lake la kulainishia mabua, afadhali ayaponde kwa mchi. Dam naye, aliyezoea kujiendea ziwani anapotaka, alifungwa kwenye nguzo karibu na mfereji, na mpaka leo yupo hapo. Nikienda shule analia, nikirudi analia.

Kisha wiki iliyopita Mama Mdogo alikuja na mzigo wa mabua kichwani. Yalikuwa yale marefu kabisa ya shamba lake, yameshapakwa tope, yameanikwa na kulainishwa, kazi ya siku nyingi. Aliyaweka kwenye ngazi, akapiga magoti mbele ya Bibi na viganja vyake pamoja, akasema anaona haya kwa ajili ya mnyama wake, na asingependa mtoto wa marehemu rafiki yake akalie mkeka wa plastiki kwa sababu yake. Bibi aliyapima mabua kwa mkono, akanuna, akasema si mabaya sana. Halafu akamwita ndani, akamtilia kahawa.

Sasa wanausuka pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na matusi yao yamerudi kama zamani. Mama Mdogo anasema wameuongeza upana kwa ajili ya makalio yako. Bibi anasema makalio hayo ni ya ukoo, aheshimu. Jana waliniita niwashikie pembe ya mkeka. Nikasema nina kazi za shule.

Kaka, sikuwa na kazi yoyote ya shule.

Nyuma ya matangi ya maji shuleni pana mahali penye unyevu, watoto huteleza. Mwalimu Orathai alitaka pamwagiwe saruji, akauliza kama kuna mwenye wazo jingine. Unajua mimi siongei darasani. Siku hiyo nilinyosha mkono. Nilisema kwamba ardhi ile haihitaji saruji, inahitaji ndago za kwetu, zitakunywa yale maji na kushika udongo. Darasa zima liligeuka kunitazama. Mwalimu akauliza tutazipata wapi, nikajibu kwamba nyumbani kwetu zipo tele.

Nilikwenda nyuma ya jiko na jembe siku ambayo Bibi alikuwa hekaluni. Nilikuwa nimesoma kwamba shina kuukuu likigawanywa hupata nguvu mpya, kwa hiyo nikachagua makuukuu, yale ya katikati. Nilidhani nazipunguzia ndago za mama msongamano. Kitabu kilisema pia mabua yakatwe mafupi kabla ya kuhamishwa, yasinyauke. Nikayakata, Kaka. Nikayatupa mferejini yale mabua yote marefu, nikatazama maji yakiyachukua, na wala sikukumbuka mkeka mpaka nilipomwona Bibi amesimama kwenye tope.

Akaniuliza kama nimeona aliyefanya hivi. Nikamwambia nilimwona Dam akipita asubuhi. Alipita kweli, kama apitavyo kila siku. Sikusema neno hata moja la uongo, na sijui kama nimewahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Zile za shuleni zimeshika vizuri. Mwalimu ameweka kibao chenye jina langu. Siku hizi naingia kwa lango la nyuma nisikione.

Kabla ya kunyolewa utapita nyumba kwa nyumba na sinia la maua na mishumaa, ukiwaomba watu radhi kwa yote uliyowakosea. Bibi ameshaamua kwamba utaanzia kwa Mama Mdogo Prang. Nimekuwa nikiiona picha hiyo. Wewe umepiga magoti, naye anakuinua, anakuambia hapana mwanangu, mimi ndiye mwenye deni kwenu. Siwezi kukuacha ukakalie mkeka ule hujui umetoka wapi.

Kesho nikitoka posta sitapita nyumbani kwanza. Nimeshachuma maua, yako kwenye glasi hapa mezani, Bibi anadhani ni ya Mwalimu. Nitaanza kwa Mama Mdogo, halafu nimwombe twende wote kwa Bibi, kama atakubali kuongozana nami. Nimekuandikia wewe kabla ya yote kwa sababu barua hii ikishaingia sandukuni, sitaweza tena kugeuka njiani na kusema nina kazi za shule.

Bibi anakusalimu sana, na Mjomba Prasit vilevile. Vaa kofia juani, na usiwe na hasira nami kwa muda mrefu.

Mdogo wako,
Rampha