Mafuta ya Mchaichai Yamekaangiwa Mayai

Mwenzangu, nina hasira! Wifi yangu amechukua mafuta yangu ya manukato, ya mtihani wa darasa la kutengeneza manukato, akakaangia mayai!

Mayai!

Unakumbuka yale mafuta mazito niliyokuwa nayafunika kwa majani ya mchaichai, kila asubuhi natoa yaliyonyauka naweka mabichi, ili yanyonye harufu? Ndiyo niliyotakiwa kumpelekea mwalimu wa darasa la jioni kesho. Nimerudi kazini nimekuta bakuli tupu.

Namuuliza, "Wifi, mafuta yangu yako wapi?"

"Yale ya kukaangia? Yalijaa majani ya chai, nimeyatoa. Wifi, na umri huu bado unachanganya chai na mafuta?"

Nachanganya! Ananiambia mimi!

Mume wangu naye anatafuna tu: "Ila mayai ya leo yananukia, mke wangu."

Nimepiga magoti nimwombee huyu wifi, nikajikuta namshitaki kwa Mungu.

Na mafuta yaliyobaki amejipaka miguuni! Basi kesho naondoka naye kwenda darasani. Mwalimu atake asitake, atamnusa miguu.