Vitalis, Sampo Haijatoboka

Vita,

Naanza na habari kuu, kama nilivyofundishwa kazini: sampo haijatoboka. Yanayofuata ni maelezo tu, na ukiishia hapa hutakuwa umekosa jambo kubwa. Lakini najua utaendelea. Wewe ulikuwa unasoma hata matangazo ya vifo kwenye gazeti letu na kulinganisha urefu wake. Lako lilikuwa fupi. Nililiandika mimi.

Kwanza, yaliyobadilika tangu uondoke. Kila ninayemwambia kwamba umefariki ananiuliza, "Ajali?" Namjibu kwamba ni figo. Ananiuliza tena, "Una hakika?" Mji mzima wa Sumbawanga ulishakuandalia kifo cha barabarani, na naona wengine wanajihisi wamedanganywa. Muuza chipsi wa stendi alitikisa kichwa akasema, "Lakini lile gari lilikuwa chini mno," kana kwamba figo zako ndizo zilizokuwa zikiburuzika kwenye kokoto.

Pale ulipokuwa unaegesha, mbele ya ofisi yetu, limebaki doa la oili. Mama anayefagia amelisugua kwa sabuni na mchanga, likakataa. Nimemwambia aliache.

Sasa gari.

Nakukumbusha hali uliyoliacha nayo, usije ukajifanya umesahau. Springi umezikata. Chini ya injini hapapiti paka aliyeshiba. Na sampo, hilo bakuli la oili ambalo watu wenye akili hulificha juu, kwako lilikuwa la kwanza kufika popote tulipokwenda. Siku ile ya Laela lilifika kabla yetu. Tulikuwa tumekwishapita tuta, wewe unashangilia, mimi nikatazama nyuma nikaona mstari mweusi barabarani unatufuata kama mbwa. Ukaziba tundu kwa kipande cha sabuni ya kufulia uliyoinunua kwa mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma. Aliuliza unataka kufua nini. Ukamjibu, "Injini, mama." Alikuuzia, lakini aliwavuta wanawe karibu.

Siku hiyo hiyo nilikuuliza kwa nini ulilishusha. Nakunukuu neno kwa neno, maana nina kumbukumbu nzuri ya maneno ya watu: "Ripota, gari la juu ni la bwana shamba. Mimi nataka wadada wa stendi wageuke." Iweke kauli hiyo akilini. Tutairudia.

Tatizo ni kwamba ulikuwa umempa mama yako ahadi. Ulimwambia utampeleka misa Kaengesa akiwa amekaa mbele, kama mke wa mkuu wa wilaya. Na kila ulipokwenda kumwona, gari uliliacha njia panda, pale kwa mwenye duka la pembejeo, ukaingia kijijini kwa bodaboda. Miaka yote hiyo. Kijijini walishakata shauri kwamba hakuna gari. Mjomba wako Kastori alikuwa anakupokea kwa swali moja, "Gari halijambo?" na watu wanacheka kabla hujaitikia.

Baada ya kukuzika, mjomba alisimama kwenye kikao cha ukoo. Akasema siku ya kumaliza matanga mali yako yote iwekwe uani, igawiwe watu wakiiona kwa macho, ndivyo mnavyofanya kwenu. "Nguo tumeziona. Redio tumeiona. Baiskeli ile pale ukutani. Hilo gari, nani ameliona?" Mimi nikanyoosha mkono. Akasema ushahidi wa mtu wa magazeti haupokelewi. Uamuzi ukawa kwamba lisipofika uani siku hiyo, liuzwe huko huko mjini, na habari yake iishe.

Mwishoni mama yako akasema, "Mimi sitaki gari. Nataka kulikalia mara moja tu. Mkishamaliza, uzeni." Halafu akanitazama mimi.

Nikasema nitalileta. Nilisema kwa ile sauti yangu ya taarifa ya habari, na nadhani ndiyo maana waliniamini.

Nikalipeleka kwa Fundi Kizito, yule wa nyuma ya soko anayetengeneza plau za ng'ombe. Alikubembeleza muda mrefu ufunge bamba la chuma chini ya injini, likinge sampo, nawe ukakataa ukisema bamba lenyewe litakushusha zaidi. Kwa haki yako niseme kwamba ulikuwa sahihi. Nimepima. Linakula nafasi ya unene wa kidole, na kidole ndicho ulichokuwa umebakiza.

Kizito hakujali. Alipata chuma kutoka kwenye mashine ya kusaga iliyokufa, akakikata, akakikunja, akakitoboa matundu ya bolti, na tundu moja kubwa la kumwagia oili, ambalo alilionyesha kwa kila aliyepita. "Kaka," aliniambia, "nikishalifunga hili, ukipita juu ya kisiki, kisiki ndicho kitakachoomba radhi." Nikaona ncha ya mbele ya bamba imekunjwa kuelekea chini. Nikamuuliza kwa nini. "Ndiyo inavyokaa." Nikamuuliza inavyokaa wapi. Akanitazama kwa huruma. "Kwenye chuma, kaka."

Siku ya safari alikuja amevaa suruali yake ya kanisani. Alisema lazima ashuhudie kazi yake.

Kwenye lami hatukuwa na shida. Rasta, yale matuta madogo ya lami, nilizipita kwa mshazari kama ulivyonifundisha, tairi moja moja, mabasi yakinipigia honi na makondakta wakiniuliza kama gari limelala au limezimia. Shida ilianza tulipoiacha lami. Unaijua barabara ya kwenu baada ya mavuno. Malori ya mahindi yanachimba njia mbili za tairi, katikati kunabaki mgongo wa udongo na nyasi. Tukaingia. Bamba likaanza kuimba. Kizito akatabasamu, "Unalisikia? Linafanya kazi." Kisha gari likawa zito. Nikakanyaga mafuta. Likazidi kuwa zito. Likasimama.

Niliposhuka nikatazama nyuma. Vita, nimeripoti maonyesho ya wakulima mara nyingi kuliko ninavyopenda, na sijapata kuona mtaro ulionyooka vile. Udongo umegeuzwa vizuri upande mmoja, nyasi zimelala chini, kina kinatosha kabisa kwa mahindi. Mbele ya gari palikuwa na kichuguu cha udongo kimekaa mpaka kwenye taa. Mkono wa Kizito umekunja vyuma vya plau maisha yake yote. Ulikuwa umelikunja bamba lako vivyo hivyo, lichimbe.

Alichuchumaa akautazama ule mtaro. Jambo la kwanza kumtoka, na naliandika kama lilivyo, lilikuwa, "Unaona kina hicho?" Fahari ilikuwa dhahiri usoni. La pili lilichukua muda kidogo. "Mkono umezoea, kaka."

Watu wakajaa. Walitoka mashambani, walitoka kisimani, wengine sijui walitoka wapi, maana pale hapana nyumba. "Mvua bado kabisa, mnawahi wapi?" "Mwulizeni kama anakodisha kwa eka." Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani aliinama bila kuishika akachungulia chini ya gari, akauliza ng'ombe wako upande gani.

Kisha akaja mjomba Kastori, juu ya baiskeli yako, ambayo ilikuwa haijagawiwa bado. Nataja tu.

Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alilizunguka gari lako polepole. Aligusa bodi. Aligusa kioo. "Kumbe lipo," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. Halafu akajirekebisha. "Limeonekana. Ila uani halijafika."

Hapo kikaanza kikao kingine, cha mafundi wasioalikwa. Wapo waliotaka lifungwe ng'ombe, kwa kuwa zana tayari ilikuwa imefungwa. Wapo waliotaka bamba ling'olewe, nami nikakataa, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na mawe na nilimkumbuka mama wa Laela na sabuni yake. Mwisho karibu wote wakasema jambo moja, kwa kuwa hakuna mtu pale ambaye hajawahi kushika plau: ligeuzwe. Tumbo liwe mgongo. Ncha itazame juu, lisichimbe tena, liteleze. Kizito akasema hilo ndilo alilokuwa anataka kulisema tangu mwanzo. Hakuna aliyebishana naye.

Jeki haikuingia chini. Kwa gari lako jeki huwa haziingii, zinaishia kulipima tu. Basi wanaume wakashika upande mmoja wakaliinua kwa mikono, wengine wakasukumia magogo, na Kizito akajilaza chini ya injini na suruali yake ya kanisani. Alipotoka, suruali ilikuwa ya shambani. Bamba lilikaa sawasawa, isipokuwa lile tundu lake la fahari la kumwagia oili sasa liko upande ambao hauna cha kumwagwa.

Halafu likaja suala la uzito. Kila aliyeingia ndani alilishusha gari zaidi, kwa hiyo ikaamuliwa niingie peke yangu. Kizito akatangulia mbele ameinama, anachungulia uvungu, ananionyesha njia kwa kiganja. Wengine wote wakafuata nyuma kwa miguu. Kila bamba lilipokwaruza jiwe, umati mzima ukasema, "Pole!" Wakiliambia gari, si mimi.

Mara ya mwisho nilipowaona watu wale wale wakitembea taratibu nyuma ya gari, ndani ulikuwa wewe. Safari hii walikuwa wanacheka. Natia tofauti hiyo kwenye taarifa kwa sababu ni ya kweli. Nilisimama kidogo njiani. Nilisema nasikiliza injini.

Tukaingia uani.

Mama yako alikuwa mlangoni na fimbo yake. Magoti yake unayajua, lakini yamezidi. Pikapu ya misheni inayowapeleka watu misa hawezi tena kuipanda. Pasaka walimwinua watu kumweka ndani kama gunia la ulezi, akaapa hatarudia, na tangu hapo misa anaisikiliza redioni. Hayo sikuyajua. Nilimfungulia mlango wa mbele nikajiandaa kumshika, na wanawake wawili wakaja kushika upande wa pili.

Hakutuhitaji. Aligeuza mgongo, akateremka kidogo tu, akakaa. Kama mtu anavyokaa kwenye kigoda chake jikoni. Kisha akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akaweka fimbo katikati ya magoti. Basi. Alipapasa dashibodi kwa kiganja, akasema kitu kwa Kifipa, kisha akanigeukia akarudia kwa Kiswahili ili nisikose.

"Kumbe alinipimia mimi."

Akapapasa na ukingo wa kiti.

"Alijua magoti yangu. Ndiyo maana alilishusha. Wewe ulikuwa rafiki yake, mwanangu. Si ndiyo?"

Vita, nilikuwa na kauli yako kamili, kuhusu bwana shamba na kuhusu wadada wa stendi. Nilikuwa nayo neno kwa neno. Nimewahi kumsahihisha mbunge jukwaani kwa kosa dogo kuliko hilo.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Katika kazi yangu yote hiyo ndiyo taarifa pekee niliyoipitisha huku chanzo changu kikisema vingine. Ingawa nimefikiri baadaye. Ulikuwa unakwenda kumwona mara kwa mara. Magoti uliyaona yakianza. Na springi ulizikata mara mbili, ya pili bila kunieleza sababu. Sijui. Marehemu hakupatikana kulizungumzia suala hili.

Mjomba Kastori naye akataka kujaribu. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi, gari likazama, na mama yako akasema bila kugeuka, "Shuka, Kastori, utatoboa." Ameshajua sampo ni nini. Alipokwisha kushuka, mjomba alitangaza kwamba gari haliuzwi. Linakaa kwangu mimi, mjini, na kazi yake ni misa. Baiskeli alijigawia mwenyewe. Hakuna aliyeshangaa.

Kizito ananisumbua kila siku niweke springi mpya, ndefu, lipande juu kama magari ya watu. Anasema ni aibu bamba zuri kama lile kukwaruzwa hivyo. Mwezi uliopita lilikuwa na mikwaruzo ya upande mmoja, sasa ni pande zote.

Basi naaga, Vita. Sina maneno makubwa, hukuyapenda na mimi siyajui. Ahadi yangu ni hii. Sitalipandisha, hata kidole. Oili nitabadilisha kwa wakati, ingawa kila mara itanibidi nilifungue bamba zima kwa sababu ya tundu la Kizito. Jumapili nitakuwa njiani kwenda Kaengesa, taratibu, mama yako mbele na fimbo yake katikati ya magoti, mjomba nyuma kwa baiskeli yako akitukaribia kila penye jiwe. Na huko stendi, nikimpitisha mama yako mjini baada ya misa na wadada wakageuka, nitawapungia mkono kwa niaba yako. Mama yako anapunga tayari. Anadhani wanamsalimia yeye.

Lala salama, ndugu yangu. Doa la mbele ya ofisi lipo palepale.

Ripota